Wote wanafaa, wawili lazima waondoke: mwongozo kamili wa kupunguza wafanyakazi kwa haki

Majina matano yako mezani. Wote watano wanafanya kazi ileile, elimu yao inalingana, tathmini zao zinakaribiana, na hakuna hata mmoja mwenye barua ya onyo kwenye faili. Fungu la mishahara linatosha watu watatu. Wawili lazima waondoke, na wewe ndiye uliyeambiwa uamue ni akina nani.

Wasimamizi wengi wakifika hapa huanza kutafuta kasoro. Huyu aliwahi kujibu kwa ukali kikaoni. Yule hachangamani na wenzake. Mwingine aliomba ruhusa mara tatu mwezi uliopita. Mtu aliyekuwa anafaa kabisa wiki iliyopita anaanza kuonekana hafai, na dhamiri ya mwamuzi inapata nafuu. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo. Saa mbili nzima tuliwachambua watu ambao mwaka mzima tulikuwa tukiwasifu, na majina yaliyotoka mwishoni yalikuwa ya wale ambao hawakuwa na mtu wao wa karibu ndani ya chumba kile. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: watu wakiwa sawa, kubali kwamba wako sawa, kisha tumia kanuni iliyowekwa kabla ya jina lolote kutajwa. Usibuni tofauti isiyokuwepo.

Hatua ya 1: Hakikisha kinachoondoka ni kazi, si mtu

Kupunguza wafanyakazi maana yake nafasi ya kazi imekufa au imepungua: oda zimeshuka, tawi linafungwa, mashine imechukua kazi ya mikono, idara mbili zimeunganishwa. Kama nafasi bado ipo na unachotaka ni kumwondoa fulani, hilo ni suala la nidhamu au la utendaji, na lina njia yake. Jiulize: baada ya miezi mitatu nitatangaza nafasi hii tena? Jibu likiwa ndiyo, simama hapo. Huna sababu ya kupunguza watu.

Kisha andika kwenye karatasi moja: ni kazi gani inapungua, kwa sababu gani, kwa kiasi gani, na fedha zinazotakiwa kuokolewa ni ngapi. Karatasi hii utaihitaji kila hatua inayofuata. Ukishindwa kuiandika kwa lugha ambayo mfanyakazi wa kawaida ataielewa, bado hujaielewa sababu yako mwenyewe.

Ukiwa na kiasi hicho mkononi, tafuta kwanza njia isiyomfukuza mtu. Pendekezo namba 166 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1982, linataja njia hizo: kusitisha ajira mpya, kutojaza nafasi za wanaostaafu au kuacha kazi wenyewe, kuwahamishia watu idara nyingine, kuwafundisha kazi mpya, kustaafu mapema kwa hiari, kupunguza saa za ziada na kupunguza saa za kawaida za kazi. Hii ya mwisho hupuuzwa mno. Watu watano wakifanya kazi siku nne badala ya tano, umeokoa mshahara wa mtu mmoja mzima bila kumwachisha yeyote. Ujerumani ilitumia sana utaratibu wa saa zilizopunguzwa katika misukosuko ya 2009 na 2020, serikali ikifidia sehemu ya mshahara uliopotea. Kwingine fidia hiyo haipo, na huwezi kukata saa wala mshahara wa mtu bila ridhaa yake au bila sheria kukuruhusu. Lakini waulize. Mara nyingi wafanyakazi hukubali kubeba mzigo pamoja kuliko kumwona mwenzao akitoka getini.

Hatua ya 2: Soma kinachokufunga tayari

Kabla ya kubuni utaratibu wako, angalia vitu vitatu: sheria ya kazi ya nchi mliyomo, mkataba wa hiari kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, na kanuni za ndani za kampuni. Kimojawapo kinaweza kuwa kimeshaamua nani atangulie kutoka.

Nchi zinatofautiana sana. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri azingatie muda wa mtu kazini, ujuzi, uwezo na kutegemeka kwake, na atoe taarifa kwa chama cha wafanyakazi na afisa kazi si chini ya mwezi mmoja kabla. Ujerumani inataja mambo manne ya kupima: muda kazini, umri, wajibu wa kutunza familia na ulemavu mkubwa. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1988, mwajiri mwenye wafanyakazi 100 au zaidi hutakiwa kutoa notisi ya siku 60 anapofunga kituo cha kazi au kuachisha watu kwa wingi. Kilicho halali upande mmoja wa mpaka kinaweza kukufikisha mahakamani upande wa pili, hivyo usinakili utaratibu wa kampuni mama iliyo nchi nyingine.

Lipo hata hivyo eneo ambalo wengi wamekubaliana. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unakataza kumwachisha mtu kwa sababu ya rangi, jinsia, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ujauzito, dini, maoni ya kisiasa au asili yake. Kwa sababu ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Kwa sababu alimshtaki mwajiri. Au kwa sababu alikuwa likizo ya uzazi. Kuugua au kuumia kwa muda pia si sababu halali. Hata kama nchi yenu haijauridhia mkataba huo, iweke orodha hii ukutani mnapofanya kazi hii.

Hatua ya 3: Chora mipaka ya kundi

Nani analinganishwa na nani? Swali hili huamua mengi kuliko alama zote mtakazotoa baadaye, na ndipo upendeleo hujificha kirahisi. Ukitaka kumlinda mtu wako, unamtoa tu kwenye kundi kwa kumpa cheo chenye jina tofauti.

Angalia kazi inayofanywa kweli, usiangalie jina la cheo. Kama karani wa malipo na karani wa stoo hushikiana zamu na kila mmoja anaweza kukaa kwenye kiti cha mwenzake baada ya maelekezo ya siku chache, wako kundi moja. Kama kazi ileile inafanyika matawi mawili na watu huhamishwa huku na kule, matawi yote mawili yaingie. Waliopo likizo ya uzazi, likizo ya ugonjwa au masomoni wamo pia, na watumiwe taarifa zote sawa na waliopo ofisini.

Unaruhusiwa kumweka mtu nje ya kundi pale tu anapokuwa na ujuzi ambao shughuli haiwezi kwenda bila huo na hakuna mwingine anayeujua. Andika ujuzi huo ni upi. Ukijikuta umeweka nje watu watatu kati ya wanane, hilo limeshakuwa kundi la wateule.

Hatua ya 4: Vigezo kwanza, majina baadaye

Sasa kaa na watu wawili au watatu, mmoja wao awe anatoka nje ya idara husika, mpange vigezo na uzito wake. Pendekezo namba 166 linataka vigezo viwekwe mapema pale inapowezekana, na vizingatie maslahi ya shughuli na ya wafanyakazi pia. Mkishaandika, wekeni tarehe na sahihi. Kuanzia hapo hakuna kubadilisha uzito kwa sababu jina fulani limetoka vibaya.

Vigezo vizuri vina sifa moja: mtu asiyewajua wahusika anaweza kuvipima kwa kusoma mafaili. Kwa mfano, mnaweza kugawa alama 100 hivi: ujuzi unaohitajika kwa kazi itakayobaki, 40, utendaji wa miaka mitatu, 30, rekodi ya nidhamu, 15, muda kazini, 15. Si lazima iwe hivyo kwenu. Kinachotakiwa ni kwamba alama nyingi ziende kwenye kazi ya kesho, kwa sababu hiyo ndiyo sababu halali ya kumbakiza mtu.

Vifuatavyo vitoeni. "Mtazamo", "moyo wa kazi", "kuendana na timu": haya ni majina ya heshima ya kupendwa au kutopendwa na bosi. Mshahara mkubwa: ukiwaondoa wanaolipwa zaidi unawaadhibu waliotumikia muda mrefu, na kwa kawaida hao ndio wenye umri mkubwa. Wanaofanya kazi nusu siku: mahali pengi hao ni akina mama wenye watoto wadogo, na kuwatanguliza ni ubaguzi uliopitia mlango wa nyuma.

Kuhudhuria kazini ni kigezo halali lakini kina mtego. Kabla ya kuhesabu siku ambazo mtu hakuwepo, ondoa likizo ya uzazi, ugonjwa uliothibitishwa, majeraha ya kazini, ulemavu na shughuli halali za chama. Baki na utoro wa kweli tu. Mara nyingi utakuta hakuna kilichobaki cha kuhesabu, na hilo nalo ni jibu.

Na hali ya familia? Hili huniumiza kila linapoletwa. Kikaoni lazima mtu aseme, "huyu hana watoto, ataweza kujitafutia." Pale sheria inapolitaja, kama Ujerumani, lifuate kama lilivyoandikwa. Pale isipolitaja, liache kabisa. Asiye na mtoto anaweza kuwa ndiye anayemlipia mzazi dawa na mdogo wake ada, na hajawahi kumwambia mtu. Hukumwajiri kwa kuhesabu wanaomtegemea, basi usimwachishe kwa hesabu hiyo.

Hatua ya 5: Pima kwa ushahidi

Wapimaji wawe wawili, kila mmoja apime peke yake, asione alama za mwenzake. Kila alama iwe na mstari mmoja wa ushahidi: ripoti gani, tarehe gani, cheti kipi. Alama isiyo na ushahidi ifutwe. Wakitofautiana sana, wakae waangalie ushahidi tena. Wasigawanye tu kati kwa kati.

Tahadhari kuhusu tathmini za zamani. Kama watu hao watano walikuwa chini ya wasimamizi tofauti, kuna msimamizi anayempa kila mtu 4 kati ya 5, na kuna mwingine ambaye 3 yake ni sifa kubwa. Linganisha kwanza wastani wa kila msimamizi kabla ya kulinganisha watu. Aliyekuwa likizo ndefu apimwe kwa kipindi alichokuwepo, asipewe sifuri kwa miezi ambayo hakuwepo.

Kisha mwoneshe kila mtu alama zake mwenyewe na umpe siku chache za kuzijibu. Makosa ya kweli hugundulika hapa: cheti kilichosahaulika kwenye faili, mafunzo ambayo hayakuandikwa, onyo lililokwisha muda wake.

Hatua ya 6: Sare

Tuseme mmemaliza. Wa kwanza ana 84, wa pili 82, wa tatu 77, wa nne 76, wa tano 75. Wawili wa juu wamejitenga. Nafasi iliyobaki ni moja, na watu watatu wamepishana kwa alama moja moja.

Je, wa tatu amewashinda wenzake? Kwa maoni yangu, hapana. Vipimo hivi si mizani ya dhahabu. Mpimaji huyohuyo akirudia kazi wiki ijayo, 77 inaweza kuwa 75. Kumwambia mtu kwamba amepoteza kazi kwa sababu ya alama moja kati ya mia ni kumdanganya kwa tarakimu. Kwa hiyo tangu hatua ya 4 wekeni pengo la sare: mimi hupendekeza alama tano, kwamba walio ndani ya pengo hilo chini ya mtu wa juu anayegombea nafasi iliyobaki wanahesabiwa sawa. Hapo 77, 76 na 75 ni sare, na sare inaamuliwa kwa kanuni nyingine iliyotangazwa mapema.

Anza na hiari. Waulize wote watatu, kwa faragha na kwa maandishi, kama yupo anayependelea kuondoka na malipo bora kidogo, au kubadilishiwa kituo, au wawili kugawana nafasi hiyo moja. Usimsukume mtu. Mpe muda wa kushauriana na nyumbani. Marekani, mfanyakazi wa miaka 40 au zaidi anayeombwa kuachia haki zake za kushtaki ubaguzi wa umri katika mpango wa pamoja hupewa siku 45 za kufikiri na siku 7 za kujiondoa baada ya kusaini. Hata pasipo na sheria hiyo, saini iliyochukuliwa jioni ileile ya habari mbaya haina baraka.

Hiari ikishindikana, njia inayoeleweka na wengi ni muda kazini: aliyeingia mwisho ndiye anayetangulia kutoka. Ina uzuri wake. Tarehe ya kuajiriwa haina urafiki na mtu, na kila mmoja anaijua. Ina ubaya pia: kama kampuni ilianza kuajiri wanawake au watu wenye ulemavu miaka miwili iliyopita, kanuni hii itawafagia hao wote. Ndiyo maana naiona inafaa kama mwamuzi wa sare, si kama kigezo pekee. Hesabu muda wote, pamoja na likizo za uzazi na za ugonjwa, na mikataba ya muda iliyofuatana bila kukatika. Na kama ulishawapa alama za muda kazini kule mwanzoni, fahamu kwamba unampa mkongwe faida mara mbili. Kama hilo linakusumbua, ondoa kigezo hicho kwenye alama na ukibakize hapa.

Ikiwa waliajiriwa siku moja, au kanuni ya muda ingeleta ubaguzi, na sheria haijaagiza utaratibu mwingine, piga kura ya bahati, yaani bahati nasibu, si kura ya kuchaguana. Najua watu wanavyolipokea neno hilo. Wanaona ni kuchezea maisha ya watu. Lakini fikiria unachomwambia aliyeondoka. Ukimtafutia kasoro, unamwambia hakufaa, na maneno hayo atatembea nayo kila atakapoomba kazi. Ukipiga kura ya wazi, unamwambia ukweli: mlikuwa sawa, nafasi ilikuwa moja. Ifanyike mara moja tu, mbele ya wahusika au mwakilishi wao, kwa njia iliyotangazwa, na iandikiwe kumbukumbu yenye sahihi. Kura ikirudiwa kwa kisingizio chochote, imani ya watu imekwisha.

Hatua ya 7: Tazama picha nzima kabla ya kutia sahihi

Kila uamuzi mmojammoja unaweza kuonekana sawa huku jumla yake ikiwa ni ubaguzi. Weka orodha ya wanaobaki na wanaoondoka, uigawe kwa jinsia, umri, ulemavu, uanachama wa chama na kundi lingine lolote linalolindwa kwenu. Marekani wana kipimo rahisi tangu 1978, maarufu kama kanuni ya nne kwa tano: kiwango cha kundi moja kikiwa chini ya asilimia 80 ya kile cha kundi lililofanikiwa zaidi, kuna jambo la kuchunguza. Mfano: kati ya wanawake 40 wamebaki 28, yaani asilimia 70. Kati ya wanaume 60 wamebaki 54, yaani asilimia 90. Gawanya 70 kwa 90, unapata kama asilimia 78. Kengele imelia. Haimaanishi umebagua, ila rudi ukague kigezo kipi kimeleta tofauti hiyo na kama kweli kazi inakihitaji.

Ukaguzi huu haukupi ruhusa ya kubadilishana majina ili hesabu ipendeze. Kinachorekebishwa ni kigezo, kisha wote wanapimwa upya.

Hatua ya 8: Mazungumzo

Mashauriano na chama au wawakilishi yanapaswa kuanza mapema, tangu ile karatasi ya hatua ya 1, wakati bado kuna kitu cha kubadilisha. Kuwaita kuwasomea orodha iliyokamilika ni kuwajulisha tu, wala si kushauriana.

Siku ya kumwambia mhusika, asipate habari kwa barua pepe, wala kwa kadi ya mlangoni iliyokataa kufunguka, wala kutoka kwa mlinzi. Aambiwe ana kwa ana na msimamizi wake, faraghani, asubuhi au mchana, si Ijumaa jioni. Habari yenyewe itoke kwenye sentensi mbili za kwanza: "Nafasi yako ni mojawapo ya nafasi zinazoondolewa. Mwisho wa kazi ni tarehe fulani." Kisha nyamaza. Mwache alie, akasirike, au akae kimya. Usimwambie unajua anavyojisikia, na usimweleze jinsi ulivyokosa usingizi.

Akiuliza "kwa nini mimi?", mjibu kwa utaratibu uliotumika: kundi, vigezo, alama zake, sare ilivyoamuliwa. Kama ilikuwa sare, tamka wazi kwamba utendaji wake haukuwa sababu. Sentensi hiyo iwepo pia kwenye barua, kwa sababu ndiyo atakayoionesha kwa mwajiri mwingine.

Aondoke na maandishi mkononi: tarehe, notisi, mshahara uliobaki, siku za likizo zilizolimbikizwa, malipo ya kuachishwa, cheti cha utumishi na jinsi ya kukata rufaa. Malipo ya kuachishwa yana viwango vyake kisheria. Kenya ni si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili, na Afrika Kusini si chini ya wiki moja. Rufaa isikilizwe na mtu ambaye hakupima alama, na awe na mamlaka ya kugeuza uamuzi. Wakati wa notisi mpe muda wa kutosha wa kutafuta kazi bila kumkata mshahara.

Hatua ya 9: Baada ya kuondoka

Waliobaki wanaangalia. Waambie siku hiyohiyo zoezi limekwisha au halijakwisha, na kama hujui, usiahidi. Kazi za walioondoka zigawanywe kwa maandishi, na nyingine zifutwe kabisa; ukiwarundikia watatu kazi za watano bila kupunguza chochote, umekiri kwamba nafasi zile hazikuwa zimekufa.

Mafaili yote ya zoezi, yaani vigezo vyenye tarehe, alama za kila mpimaji, majibu ya wafanyakazi na kumbukumbu ya kura, yafungwe pamoja na yatunzwe kwa muda wote ambao mtu anaweza kufungua shauri.

Mwisho, fungua orodha ya kurudishwa. Pendekezo namba 166 linataka walioachishwa wapewe kipaumbele mwajiri anapoajiri tena watu wa sifa zao, ikiwa wenyewe walionesha kwamba wangependa kurudi. Waulize kabla hawajaondoka, chukua namba zao, weka muda wa orodha, mwaka mmoja kwa mfano, na mpe mtu mmoja jukumu la kuiangalia kabla ya tangazo lolote la kazi kutoka. Walioangukiwa na sare wawe juu ya orodha hiyo, kwa mpangilio uleule wa kanuni iliyowatoa. Nafasi ikipatikana, wapigiwe simu kwanza.